Hodi Ukutani

Mtaani walimwita Mwenyewe. Si kwa sababu ya utajiri, maana utajiri aliusikia kwa jirani tu, bali kwa sababu ya jibu lake. Ukimwambia bomba lako linavuja, ita fundi, anasema, "Nitafanya mwenyewe." Bati limeinuliwa na upepo? Mwenyewe. Kochi limetoboka na waya unawachoma wageni? Mwenyewe. Mkewe alikuwa na utani wake, kwamba siku ya kufa mume wake atajichimbia kaburi, atalisakafia, atalipiga rangi mara mbili, ndipo alale.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kusoma mita za maji. Kutwa alizunguka akigonga mageti ya watu, "Hodi wenyeji!", akingoja kukaribishwa, kisha anaingia uani na kuinama penye mita. Msoma mita mwingine huandika tarakimu akaenda zake. Huyu alikuwa na jicho la tamaa. Akiona njia ya vitofali imepangwa kimshazari, ataipima kwa hatua. Akiona ukuta wa rangi ya maziwa, ataupapasa kwa kiganja mwenye nyumba akigeuza uso. Jioni alirudi na nyumba za watu kichwani, akawa anakula huku akichora mezani kwa mpini wa kijiko.

Nyumba aliyoishi na mkewe na watoto ilikuwa ya wazazi wake. Baba yake, dereva wa lori, aliijenga siku zake za mapumziko, na tuseme ukweli, haikunyooka. Kidato cha kuingilia jikoni kilikuwa kirefu kuliko vingine. Ukuta wa korido ulikuwa na ufa ulioanzia kwenye swichi ya taa, ukashuka ukipindapinda hadi mlango wa chumba ambamo mzee alikaa kwenye benchi lake akitengeneza redio mbovu. Mlango huo ulilia ukifunguliwa, kwa sauti ya mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Na sakafuni, penye mlango wa mbele, palikuwa na unyayo wa mtoto. Mwenyewe, alipokuwa anajifunza kutembea, alikanyaga saruji mbichi, na baba yake badala ya kuusawazisha alicheka akauacha. Ukimuuliza mzee juu ya kasoro yoyote, jibu lilikuwa moja: "Nitaimalizia kesho." Akafa, kesho yenyewe haijafika.

Macho ya mama yalikuwa yameingiwa na ukungu siku nyingi. Aliona mwanga na kivuli, basi. Lakini ndani ya nyumba ile usingejua kwamba haoni. Mkono wake ulishika ule ufa wa korido, ufa ukamwongoza. Mguu ulikijua kidato kirefu. Nje, pua ilifanya kazi ya macho: mrehani penye mlango wa jikoni, mchaichai penye bomba, mlimau getini. Na kila asubuhi, kabla hajatoka, alitia vidole vya mguu ndani ya ule unyayo mdogo, akatulia kidogo, ndipo siku yake ikaanza. Mwanawe alimwona akifanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Kumwona alimwona, kuwaza hakuwaza.

Baba alipofariki, binti mkubwa alimchukua mama kwake, mji mwingine, akatibiwe macho. Mwenyewe akabaki na nyumba yenye kimya. Kimya hicho kilimuuma kuliko alivyokubali. Kila kasoro ilikuwa na mkono wa baba juu yake, na yeye hakujua kulia ila kwa nyundo. Basi akashika nyundo.

"Ngoja kwanza mama arudi," mkewe alimwambia. "Nyumba ni yake."

"Ndiyo maana. Nataka akirudi asikute msiba. Akute nyumba mpya."

"Mama haoni rangi, baba watoto."

"Ataigusa. Ukuta laini kama yai, nani asiyeupenda?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, naye akaziba. Akapiga plasta, akapiga msasa, akapaka rangi ya maziwa aliyoiona kwenye nyumba ya muuguzi mmoja karibu na soko. Kidato cha jikoni alikivunja akakisawazisha, kama kile cha nyumba yenye mbwa wawili. Mlango wa chumba cha redio aliung'oa, akajaza tofali, ili chumba kiwe cha watoto na kabati lao lipate ukuta mzima. Mlango mwingine akautoboa upande wa sebuleni. Mrehani na mchaichai vilionekana vya kizamani, vikang'olewa, vikawekwa vitofali vya kimshazari na nyasi fupi na vyungu vya maua yasiyo na harufu. Mlimau ulikatwa kwa sababu ulizuia geti jipya kufunguka. Majirani walipita wakisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kila sifa ilimwongezea kitu cha kubomoa. Mwisho kabisa akaweka vigae sakafuni, kuanzia sebuleni hadi mlango wa mbele. Kigae cha mwisho kilikaa juu ya unyayo wake mwenyewe. Alikigonga kwa mpini wa mwiko kikae sawa, akafuta jasho, akaita watu wa nyumbani waje waone.

Dawa za macho hazikusaidia kitu, na mama akarudi. Mwenyewe alimpokea kwenye gari na kumshika mkono, moyo ukimdunda kama mtoto anayeonyesha mtihani aliofaulu. Getini mama alisimama. Alinusa. Aligeuza uso kulia, akanusa tena. Penye mlango wa mbele alivua kiatu, akanyoosha mguu, vidole vikatafuta, vikateleza juu ya kitu laini na baridi. Akaurudisha mguu haraka.

"Mmenileta kwa nani?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuwaaibisha wenyeji.

Watoto wakacheka. Mwenyewe akacheka pia. "Nyumbani kwako, mama! Ingia uone tulivyokupambia."

Mama hakuingia. Alivuta khanga yake mabegani, akainua kichwa, akasema kwa adabu zote, "Hodi."

Sasa, mtu hapigi hodi kwake. Unaingia tu, unatupa mzigo, unauliza kuna nini cha kula. Hodi ni ya mgeni na ya msoma mita. Mkewe aliyekuwa sebuleni ndiye aliyeitikia "Karibu mama."

Tangu siku hiyo waliishi na mgeni. Usifikiri akili ya mama ilikuwa imepotea, hapana. Alijua majina ya wajukuu, alijua nani wa jirani kaolewa na kwa nini ndoa haitadumu. Jambo lilikuwa hili moja tu. Aliomba maji badala ya kwenda kuyachota. Alishukuru kwa kila sahani. Alikaa ukingoni mwa kiti, kandambili zake akizishika mkononi. Na kila siku jua likianza kulegea, alifunga nguo zake kwenye khanga na kusema, "Haya, nimekaa vya kutosha. Nirudisheni kwangu."

"Mama, hapa ndipo kwako. Mimi ni mwanao."

Alimgeukia na yale macho ya ukungu, akasikiliza. "Sauti umeipata," alisema. "Hata kikohozi mmefanana. Lakini mwanangu ana nyumba, na nyumba yake naijua. Hii ina harufu ya watu wengi nisiowajua."

Mwenyewe aligeuka akatazama kuta. Maana alikuwa akizijua nyumba zile moja moja: ukuta ni wa muuguzi, kidato ni cha wale wenye mbwa, njia ni ya mwalimu mstaafu. Mama alikuwa amesema kweli, na hakuna aliyemwambia.

Akaanza na yeye kuiona nyumba kwa jicho lile. Akirudi kazini alijikuta amesimama getini kwake, kalamu mkononi, mdomo wazi, tayari kugonga. Asubuhi moja aliona alama koridoni, kwenye rangi ya maziwa: mstari wa ukungu wa vidole, kimo cha kiuno, umeanza kwenye swichi na kushuka ukipindapinda. Ulifuata ufa. Ufa uliokuwa chini ya plasta, uliopigwa msasa hadi hata yeye hakumbuki ulipita wapi, mkono wa mama uliufuata bila kukosea. Mstari ukaishia pale palipokuwa na mlango. Akaufuta kwa kitambaa. Kesho yake ulikuwapo tena.

Kisha mama alitoka. Mkewe alikuwa anaanika nguo, akageuka, geti liko wazi. Walimkuta barabara ya pili, mzigo wake kichwani, akipapasa kuta za watu moja baada ya nyingine, magari yakimpita karibu na kiwiko. Alipoulizwa alikuwa anatafuta nini alisema, "Ufa." Habari zikamfikia dada mkubwa, naye hakupindisha maneno kwenye simu.

"Mimi nakuja kumchukua mama, mwisho wa mwezi. Na safari hii harudi. Ukimpeleka mtu asiyeona kwenye nyumba asiyoijua, unamuua polepole."

"Dada, ni nyumba ileile."

"Basi kwa nini anaitafuta barabarani?"

Mwenyewe alikata simu. Kama mama angeondoka hivyo, angeondoka akiamini kwamba mwanawe hakuja hata kumwona, na angekufa hukohuko akimngoja. Hilo ndilo lililomkaa kooni, na halikumezeka.

Alikuwa kwenye ngazi, chumba cha watoto, mchana kweupe, akifunga ubao wa mwisho wa kabati. Watoto walikuwa shuleni, mkewe dukani. Akasikia ukuta ukigongwa. Si ovyo: ni pale hasa alipojaza tofali, na kwa vifundo vya vidole, taratibu.

"Hodi," sauti ya mama ilisema kutoka koridoni.

Mkono wenye bisibisi uliganda. Angeweza kusema karibu, lakini karibu wapi? Ungemkaribishaje mtu ndani ya ukuta? Akanyamaza, akiona aibu kuvuta pumzi.

"Hodi," mama akarudia. Kisha akasema, kwa ile sauti laini anayoitumia mtu aliyejibiwa, "Ahaa. Haya, hakuna neno. Basi nitarudi."

Mwenyewe aliiweka bisibisi. Alishuka ngazi, akazunguka kupitia sebuleni, akamkuta mama koridoni ametulia, kiganja bado kimelala ukutani.

"Mama, umeongea na nani?"

"Mwenye nyumba."

"Amekuambia nini?"

"Anasema bado hajamaliza. Ataimalizia kesho." Mama akatabasamu kidogo. "Ana sauti nzuri. Wewe ndiye fundi wake, eh?"

Mwenyewe alitaka kumwita mkewe, akakumbuka hayupo. Akataka kusema hapana, mimi si fundi, mimi ni mwanao. Lakini kitu kilimvunjika ndani, na kilichotoka kinywani kilikuwa kingine.

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye fundi."

"Basi fanya hima, fundi. Watu tumechoka kungoja nje."

Alianza siku hiyohiyo. Kuharibu kizuri, nakwambia, ni kazi ngumu kuliko kutengeneza kibovu. Alilitoa kabati la watoto, akavunja tofali akairudisha fremu, na kwa kuwa baba yake aliipachika ikiwa imelala upande mmoja, na yeye aliilaza. Mlango wa zamani na benchi la baba yake alivikuta nyuma ya tangi la maji, akavirudisha mahali pake. Aliparua rangi ya muuguzi, akachimba plasta akifuata mstari wa vidole vya mama, na chini yake ufa ukajitokeza kama ulikuwa unangoja. Alipandisha kidato cha jikoni. Mara ya kwanza kikawa kifupi, mama akajikwaa na kusema "pole" kwa kidato, ikabidi akivunje tena. Vitofali vya kimshazari vikatolewa, na vigae vya sebuleni. Mrehani aliupata kwa mama mmoja ambaye mita yake aliisoma, mchaichai kwa mwingine, safari hii akiomba badala ya kuibia kwa macho. Mlimau mkubwa haununuliwi. Alipanda mche na kila asubuhi akasugua majani yake kwa vidole ili harufu itoke. Majirani waliopita hawakusifu tena. Mmoja alimuuliza mkewe polepole kama baba watoto anaendelea vizuri kiafya.

Mkewe hakucheka wala hakulaumu. Alishika ncha ya pili ya kila ubao.

Kitu kimoja kilimshinda. Mlango wa chumba cha redio haukulia. Siku alipoung'oa, alikuwa ameziloweka bawaba kwa mafuta, naye sasa aliziosha kwa mafuta ya taa, akazipaka maji ya chumvi, akazigonga, akazipinda. Mlango ulifunguka na kufungwa kimya. Akaacha.

Siku ile mama alipotoka chumbani kwake na kushika ukuta, Mwenyewe na mkewe walisimama sebuleni wakitazama. Mkono uliugusa ufa. Ukasimama. Ukaenda, ukashuka, ukapinda. Mama alifika kwenye mlango uliolala upande, akausukuma, akaingia ndani, akakaa kwenye benchi la mume wake kama aliyetoka tu hapo. Hakusema hodi. Mkewe Mwenyewe aliingia jikoni akalia na kitambaa cha vyombo.

Kandambili zikabaki chini ya kitanda. Khanga ya mzigo ikafunguliwa. Lakini furaha ya Mwenyewe ilikuwa na mwiba, kwa sababu mama aliirudia nyumba, yeye hakumrudia.

"Fundi," alimwita, "umeifanya vizuri kazi yako. Mwanangu akija ataipenda. Unajua lini anakuja?"

"Hajasema, mama."

Dada alikuwa afike kesho yake. Kilichobaki hakijaguswa kilikuwa kigae kimoja, kile cha mlango wa mbele. Alikiogopa. Alipiga magoti akakigonga kwa patasi, kikatoka vipande, na chini yake akakuta uji wa saruji ulioganda, umeujaza unyayo wote. Hapakuonekana kitu. Ndipo alipoelewa alichofanya: miezi yote hiyo mama alikuwa akitafuta mwanawe kwa vidole vya mguu, na yeye alikuwa amejizika mwenyewe, akagonga na kigae juu. Alilia pale chini, waziwazi, mwanamume mzima na patasi mkononi.

Kisha akachimba. Aliweka nyundo pembeni, akatumia msumari, akakwangua kidogokidogo kama mtu anayetoa uchafu kwenye kidonda. Kisigino hakikupona, kilivunjika na saruji. Lakini vidole vilitoka, vitano, vidogo, na kile cha mwisho kimelalia mwenzake, kama kilivyo hadi leo ndani ya kiatu chake.

Mama alikuja akiongozwa na sauti ya kukwangua. Alinyoosha mguu. Vidole vyake vikapapasa, vikaingia. Alikaa hivyo muda mrefu, ameinamisha kichwa, na Mwenyewe amepiga magoti kando.

"Fundi, hii umeitoa wapi?"

"Ilikuwa hapahapa, mama. Ilifunikwa."

"Kisigino hakipo."

"Nimekivunja. Nisamehe."

"Alikuwa anakanyaga kwa vidole tu," mama alisema. "Baba yake alimcheka." Akavuta pumzi. "Haya, umemaliza. Nenda kanawe, upumzike. Na ukimwona mwanangu njiani mwambie aingie tu. Asipige hodi, hapa ni kwao."

Mama akashika ufa, akaenda kukaa kwenye benchi.

Mwenyewe alitoka hadi bombani. Aliosha mikono, uso, na miguu, mchaichai ukimnukia magotini. Mkewe alimtazama kutoka dirishani asiulize kitu. Aliviacha viatu penye bomba, akarudi ndani akiwa peku, akapita juu ya unyayo wake, akashika korido. Midomo ilitaka kusema lile neno kwa mazoea ya kazi, akaibana. Akausukuma mlango uliolala upande, ukafunguka kimya, akaingia.

Mama aliinua uso. Hatua za miguu mitupu alizisikiliza hadi zilipokoma.

"Mwanangu," alisema. "Umekawia."

"Nimekawia, mama."

Alimnyooshea mkono, akaukuta uso wake, akaupapasa kuanzia paji hadi kidevu. Ulikuwa umelowa, na mama hakusema ni maji gani. Nyuma yao mlango ukalia, ile sauti ya mtu anayetaka kusema jambo akaghairi, kisha ukajifunga taratibu. Mwenyewe hakugeuka.

"Huyo ni fundi, ametoka sasa hivi," mama alisema. "Hamkupishana mlangoni?"

"Tumepishana, mama," akajibu, akakaa kando yake kwenye benchi.